Usimwelekeze, msindikize: niliyojifunza nikiwaandaa washauri rika chuoni

Naandika haya kwa ajili ya mkufunzi, mnasihi au kiongozi wa serikali ya wanafunzi ambaye ameambiwa "anzisheni washauri rika," yaani wanafunzi wa kuwasikiliza na kuwasaidia wanafunzi wenzao, kisha akaachwa hapo. Mimi niliachwa hapo. Niko ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam, chenye wanafunzi wa cheti, diploma na shahada. Wengi wao hawakai hosteli. Wamepanga mageto Tandika, Mbagala, Kigamboni na Gongo la Mboto. Ofisini tulikuwa wachache mno kwa wingi wa wanafunzi. Foleni ilianza asubuhi na mapema, na wengine waliondoka bila kuonwa. Hata hivyo waliopanga foleni walikuwa na nafuu, maana walikuwa wanaujua mlango wetu. Walioniumiza moyo ni wale niliowafahamu kwa mara ya kwanza pale majina yao yalipotoka kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, na nilipofuatilia nikakuta tatizo lilikuwa la kutatuliwa mwezi wa kwanza.

Anayefika Dar kuanza mwaka wa kwanza anakutana na mambo mengi kwa mpigo. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Mkopo unapangwa kwa awamu. Jina lisipotoka awamu ya kwanza anaambiwa asubiri, na wakati anasubiri anakula nini hakuna anayeuliza. Aliyepata boom, yaani fedha ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, la shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500, linaingia kwa mkupuo kwenye akaunti ya kijana ambaye hajawahi kushika laki tano zake mwenyewe. Wa diploma walianza kufikiwa na mkopo mwaka 2023/24, tena kwa fani za kipaumbele tu, kwa hiyo wengi wao wanategemea mjomba, shangazi, au mama anayeuza nyanya mkoani. Ongeza mihadhara ya Kiingereza kwa aliyesoma shule ya kata ambako mwalimu alikuwa anafafanua kila kitu kwa Kiswahili. Shida hizi zinamkuta kwa pamoja, na zinamkuta akiwa peke yake chumbani.

Mtu wa kwanza kuona kwamba mwenzake anazama ni mwanafunzi mwenzake. Mkufunzi anaona kiti kitupu tu. Hapo ndipo wazo la ushauri rika linapata nguvu, na si wazo geni hata kidogo. Nchini kwetu tulikuwa na waelimisha rika enzi za kampeni za Ukimwi, na walifanya kazi kubwa. Ila mwelimisha rika aliandaliwa kubeba ujumbe na kuufikisha. Vyuo vingi vinapoandaa washauri rika vinarudia mafunzo yale yale: mada, kalamu, fulana, picha ya pamoja, basi. Kijana anatoka pale akiwa amejaa maneno ya kumwambia mwenzake, wakati mwenzake anatafuta mtu wa kumsikiliza.

Kilichonipa moyo ni habari ya wenzetu wa Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili wa huko, Dixon Chibanda, alianza na akina bibi wa kawaida pale Mbare, Harare. Waliketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kulitazama tatizo moja moja. Mradi huo unaitwa Friendship Bench. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la JAMA: waliokaa na akina bibi wale walikuwa na dalili chache za msongo na sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilichoshika zaidi ni kwamba akina bibi hawakuachwa na upendo wao tu. Walifundishwa, walisimamiwa, na mzigo ukiwazidi walikuwa na wa kumkabidhi. Vyuoni kwetu vimbweta, yale mabenchi ya nje ya wanafunzi, tayari tunavyo, na vijana wanaokaa juu yake tunao. Kinachokosekana ni hayo mengine.

Nianze na uteuzi, kwa sababu ukikosea hapo mafunzo hayakuokoi. Tangazo letu la mwanzo liliomba GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.5 na uwezo wa kuongea mbele za watu. Walikuja vijana wazuri, wengi wao ma-CR, yaani viongozi wa darasa. Baadhi walifaa sana. Lakini mtu ambaye hajawahi kuyumba kimasomo mara nyingi haelewi ni vipi mwenzake anaweza kukaa na daftari mbele yake kwa muda wa saa nne bila kulifungua. Siku hizi namuuliza mwombaji swali moja kabla ya mengine yote: nani huwa anakufuata akiwa na shida, na unadhani kwa nini anakufuata wewe? Anayejibu "kila mtu" namwangalia kwa makini. Anayefikiri kidogo, akasema "kuna rumeti wangu, nadhani kwa sababu sisemi kwa watu," huyo namtaka. Waliowahi kupata sapu, yaani mtihani wa marudio, wakaifuta wamekuwa kati ya washauri wangu bora, na wasichana wa diploma waliosoma kwa kuuza vitumbua hosteli wamewashinda wengi wa shahada. Sharti moja silegezi: anayegombea uongozi wa wanafunzi hawi mshauri rika mwaka huo. Mwanafunzi mwenye shida hapaswi kugeuka kura ya mtu.

Mafunzo yenyewe yanafanyika kwa Kiswahili, hata kama chuo kinafundisha kwa Kiingereza. Hakuna anayelia kwa lugha ya mtihani. Sehemu kubwa ya muda ni mazoezi ya wawili wawili. Mmoja anasimulia jambo dogo la kweli linalomsumbua, lisilo zito kupita kiasi, na mwenzake anasikiliza dakika tano bila kutoa ushauri wowote, kisha anarudisha alichosikia kwa maneno yake. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana. Vijana wetu wamelelewa kwenye kutiana moyo, na kutiana moyo kuna mahali pake, ila kukitangulia kunafunga mazungumzo.

Nakumbuka kijana wa mwaka wa pili aliyeambiwa na mwenzake kwenye zoezi hilo kwamba baba yake anaumwa na anafikiria kuahirisha masomo. Msimuliaji hakumaliza hata sentensi mbili, kijana yule akadakia, "Kaza mwanangu, utatoboa tu." Msimuliaji akasema "poa," akatazama simu yake. Nikamuuliza msikilizaji: baba yake yuko wapi? Hakujua. Anaumwa nini? Hakujua. Nani anamuuguza? Hakujua. Nikawaomba warudie, na safari hii auangalie uso wa mwenzake na aulize swali moja tu kila mwenzake anapopumua. Akauliza, "Sasa hivi nani yuko naye?" Jibu lilichukua muda kutoka. Baba alikuwa amelazwa Sumbawanga, mama anakesha hospitali, na nyumbani amebaki mdogo wao wa darasa la sita analala peke yake. Kumbe kilichokuwa kinamtoa chuoni ni yule mdogo. Likishajulikana hilo, mazungumzo yakahama: kuna shangazi Mpanda, je, ameshaambiwa? Hakuwa ameambiwa. Darasa zima liliona tofauti kwa macho, na sikuhitaji mada ya usikivu tena.

Maswali ninayowapa ni machache na ya kawaida. Limeanza lini? Umeshamwambia nani? Umejaribu nini? Wewe ungependa liishe vipi? Kesho asubuhi ukiamka, cha kwanza utafanya nini? Hilo la mwisho ndilo linalomwondoa mtu kwenye kimbweta akiwa na hatua mkononi, hata kama ni ndogo kama kumpigia shangazi.

Halafu kuna siri. Washauri wengi wanaanza kwa kuahidi, "Chochote utakachoniambia kinabaki hapa." Ni ahadi wasiyoweza kuitimiza, na siku wakilazimika kuivunja wanapoteza mtu na kujichukia wenyewe. Tunawafundisha kusema mapema, kwenye kikao cha kwanza, kwa sauti ya kawaida: "Utakayoniambia ni yako, siyasambazi. Ila nikisikia maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au kuna mtu anafanyiwa ukatili, nitakuambia kwamba inabidi tumshirikishe mnasihi, na nitakuwa na wewe." Wanalirudia mpaka litoke bila kusoma karatasi. Niliogopa litawafunga watu midomo. Sijaona hivyo, nimeona wanaoongea zaidi, kwa sababu wanajua mpaka uko wapi.

Eneo la ukatili linahitaji maarifa ya uhakika, si huruma peke yake. Kila mshauri lazima ajue kwamba aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa kinga za VVU ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo bora, kwa hiyo hakuna kusubiri Jumatatu. Lazima ajue kwamba Hospitali ya Amana, Ilala, ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako matibabu, polisi na ushauri vinapatikana mahali pamoja, na kwamba vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kuhusu rushwa ya ngono, ajue ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Vile vile ajue asichotakiwa kufanya: kuchunguza, kurekodi kwa siri, kumfuata mtuhumiwa, wala kupanga mtego na marafiki. Kazi yake ni kumwamini mwenzake, kukaa naye, na kumfikisha kwa wenye mamlaka ya kushughulika.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa moyo wa kazi nzima. Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza, diploma, aliyeacha kuonekana darasani. Mshauri wake, dada wa mwaka wa tatu, alimpigia akajibiwa "niko poa dada." Hakuridhika. Alimwomba mwanafunzi mwenzao anayekaa jirani wamfuate geto wote wawili. Walimkuta ameshafunga begi. Ada ya awamu ya kwanza haikuwa imelipwa, mjomba aliyeahidi alikuwa hapokei simu, na kwa kuwa hakusajiliwa aliamini ameshafukuzwa chuo. Si kwamba hakutafuta msaada. Aliulizia, akaambiwa nenda uhasibu. Uhasibu wakamwambia alete barua kutoka idarani. Idarani akakuta mlango umefungwa, hakujua barua yenyewe inaandikwaje wala inamhusu nani, akarudi nyumbani. Kila mtu alikuwa amemwelekeza, na kila aliyemwelekeza aliamini ameshamsaidia.

Yule dada alikaa naye jioni ile wakaandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Asubuhi wakapanda daladala pamoja, wakasimama foleni idarani, kisha uhasibu, kisha kwa msajili. Kabla ya mchana jambo lilikuwa limekwisha. Nilipomuuliza amefanya nini, alinijibu, "Sijafanya kitu madam, nimekaa naye tu kwenye foleni." Nikamwambia hicho ndicho kitu chenyewe. Binti yule angeweza kuandika barua. Asichokiweza ni kurudi tena, peke yake, kwenye dirisha lililomrudisha.

Tangu hapo kanuni yetu kuu ni hii: usimwelekeze mtu ofisini, msindikize. Na mafunzo yakabadilika kuifuata. Siku moja nzima hatukai darasani; tunazunguka. Tunaingia uhasibu, kwa msajili, ofisi ya mikopo, zahanati ya chuo, maktaba, ofisi ya mitihani. Kila mhusika anawaeleza washauri mambo matatu: anashughulika na nini, mwanafunzi aje na karatasi gani, na saa zipi anapatikana. Kila mshauri anaandika kwenye daftari lake. Faida ya ziada sikuitegemea: maofisa nao wanazijua sura za washauri, na dirisha linakuwa na lugha laini wanapokuja na mtu. Kisha tunatoka nje ya chuo. Tunapanda daladala hadi Amana tukauone mlango wenyewe, kwa sababu saa ya taharuki si saa ya kuuliza njia. Kusindikiza kuna mipaka yake pia. Usiku haendi mtu peke yake, na jambo la hatari linaanza kwa simu kwa mnasihi, si kwa ujasiri wa mshauri.

Pesa ndiyo iliyotuletea mikwaruzo mingi. Mwanafunzi akiwa na njaa, mshauri mwenye moyo atatoa elfu tano, na kesho elfu kumi, na wiki ijayo mmoja anamkwepa mwenzake. Tumekubaliana kwamba mshauri hakopeshi wala hakopi kwa anayemshauri. Wanaweza kula pamoja, mkopo hapana. Badala yake tunawafundisha kukaa na mwenzao na kalamu siku boom linapoingia: kodi kwanza, nauli, chakula cha wiki kwa wiki, bando mwisho. Na tunazungumza wazi kuhusu mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Kijana aliyekopa kwenye programu za namna hiyo anatumiwa ujumbe wa kumdhalilisha hadi kwa wazazi wake, na aibu inamfanya ajifiche. Mshauri akimuona mtu amebadilisha laini ghafla na hapatikani, aulize kwa upole kama kuna deni. Kubeti ni vivyo hivyo; ukianza kwa kulaumu, hutaambiwa ukweli tena.

Mapenzi nayo yanahitaji kusemwa bila kuzungukazunguka. Ni vijana, wanakaa karibu, mmoja ana shida na mwingine anasikiliza vizuri. Mshauri haanzishi uhusiano na anayemshauri; hisia zikija, anakuja kuniambia na tunamhamisha mwanafunzi kwa mshauri mwingine, bila adhabu wala maneno. Wamekuja kuniambia, kwa sababu adhabu haipo. Vikao vinafanyika kwenye vimbweta au maktaba, mahali pa wazi, sio geto. Na kwenye grupu la WhatsApp hakiandikwi kitu kinachomhusu mtu mmoja. "Nani bado hajamaliza ada?" ni swali la kawaida kwa anayeuliza, na fedheha kwa anayesoma.

Kitu ambacho waandaaji wengi wanakiruka ni kumlea mshauri mwenyewe. Kijana mmoja wangu, mtulivu, mchapakazi, alianza kusinzia darasani. Kumbe alikuwa anapokea simu hadi saa nane usiku kutoka kwa mwenzake aliyefiwa, na hakutaka kumwambia hapana. Baadaye yule mwenzake aliahirisha mwaka na kurudi kwao Kahama, na mshauri wangu akaja ofisini machozi yanamtoka, akisema ameshindwa. Tulikaa muda mrefu. Nilimwonesha kwamba mwenzake aliondoka na barua ya kuahirisha mkononi, ambayo inamruhusu kurudi, badala ya kupotea kimya kimya kama wengine. Ilimchukua wiki kadhaa kulikubali. Sasa kila baada ya wiki mbili, Ijumaa jioni, washauri wanakutana na mnasihi, bila kutaja majina ya wanaowashauri. Kila mmoja anasema amebeba nini. Simu za ushauri zinaishia saa tatu usiku, isipokuwa dharura, na dharura ni ya mnasihi. Nisingekubali kuanzisha mpango huu tena bila kikao hicho. Na mimi mwenyewe nakihitaji. Kuna nyakati nimefika nyumbani nikashindwa kula kwa yale niliyosikia.

Gharama si kubwa kama wakuu wanavyodhani, lakini ipo. Chai, maji na mihogo kwa watu thelathini, karatasi, nauli ya kuzunguka, na bando la mwezi kwa kila mshauri. Laki kadhaa kwa muhula zinatosha ukiwa na ukumbi wa chuo. Posho ya kikao hatutoi, na nilisemwa kwa hilo. Nauli na bando tunatoa bila kukosa, maana si haki mtoto wa watu ajitolee halafu atoe na za mfukoni. Cheti tunacho, ila kinatolewa mwisho wa mwaka kwa aliyefanya kazi. Kilipokuwa kinatolewa mwisho wa mafunzo, nusu ya waliokipata hawakuonekana tena.

Ukiomba fungu, usiombe kwa maneno ya jumla. Peleka orodha ya wanafunzi walioshindwa kusajiliwa muhula uliopita, bila majina, na sababu zao. Wakuu wetu walilegea walipoona wangapi wamekwama kwa karatasi tu.

La mwisho ni ratiba. Usisubiri Oktoba kuanza kuandaa washauri. Wageni wakishaingia, wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoamua mengi na hutakuwa na muda wa mazoezi. Sisi tunateua Mei na kufanya mazoezi ya kusikiliza kabla ya mitihani. Wakirudi kutoka field, yaani mafunzo kwa vitendo, kabla chuo hakijafunguliwa, tunafanya ule mzunguko wa ofisi, kwa sababu maofisa huwa wamebadilishwa. Washauri wanaomaliza wanakaa na wapya siku hiyo nzima na kuwaachia madaftari yao yenye saa za ofisi na karatasi zinazohitajika. Kurasa zinazohusu watu zinachanwa kwanza na kuchomwa mbele ya mnasihi. Mwaka huu dada aliyesimama foleni na yule binti wa diploma amemaliza. Binti mwenyewe aliomba nafasi, akajibu lile swali la kwanza vizuri kuliko wote, na yuko kwenye orodha ya Oktoba.